Magoli Yaliyochipua

Usiku wa kuamkia jana isale langu la barazani limechanua. Ni mmea wa kwenye ndoo, ambao ulibaki na majani matatu tulipohama. Nilikuwa nimeshazima taa niliposikia harufu inaingia dirishani. Maua yake ni meupe, madogo, yananata utamu, na hufunguka usiku. Wataalamu wa mimea huliita Dracaena fragrans, na neno hilo la pili ni Kilatini, maana yake lenye kunukia. Asubuhi mwanangu akaniuliza, "Baba, mbona hukulala?"

Nikamwambia ni harufu. Habari ya magoli sikumwambia.

Nilikuwa na miaka 11, Marangu, kwa babu. Kati ya kihamba chetu, yaani shamba la ukoo la migomba, na cha jirani hapakuwa na ukuta wala waya, palikuwa na masale. Uchaggani isale ndilo mpaka, ndilo huoteshwa makaburini, na ndilo hubebwa mtu anapokwenda kuomba msamaha. Yote hayo niliyajua. Lakini jioni ile tulikosa nguzo za goli na panga nilikuwa nalo mimi. Nikakata mashina manne, nikayapogoa majani, tukayachomeka kwenye kiwanja cha chini, karibu na mfereji, tukacheza chandimu mpaka giza.

Kesho yake jirani akaona pengo. Akasema babu anasogeza mpaka. Babu akasema jirani ameyakata mwenyewe ili apate neno. Wazee waliozoea kunywa mbege kwenye kata moja wakaacha hata kuamkiana. Nami nikanyamaza, na kila siku niliyonyamaza ilizidi kuufunga mdomo wangu.

Masika ikaja. Siku moja babu aliteremka kufungulia maji ya mfereji, akayakuta magoli yetu yamechipua majani. Aliyatazama, akanitazama. Hakunichapa. Alichuma jani moja la isale, akalifunga fundo, akaniwekea mkononi.

Jirani alikuwa mlangoni pa zizi na mzigo wa majani ya mgomba begani. Umande ulikuwa haujakauka. Babu alisimama hatua mbili nyuma yangu.

"Shikamoo, Meku," nikasema, ndivyo Wachagga tunavyomwita mzee.

Hakuitikia. Alitua mzigo taratibu, akasimama akiliangalia jani, mimi hakuniangalia. Mkono ulikuwa unanitetemeka na jani likitetemeka nao. Nikasema, "Ni mimi niliyeyakata." Ndani ya zizi ng'ombe alikuwa anacheua, nami nilisikia kila alivyotafuna. Nilitamani babu aseme neno, hata la kunigombeza, naye hakusema. Kisha mzee akapangusa viganja vyake kwenye shati, kimoja, halafu cha pili, akalipokea jani kwa mikono yote miwili.

"Marahaba," akasema.

Jioni hiyo hiyo tuliyang'oa magoli na mizizi yake, tukayarudisha mpakani. Meku ndiye aliyenifundisha kupanda isale. Kata shina lenye urefu wa mkono kutoka kiwiko. Liweke kivulini siku moja au mbili mpaka jeraha likauke. Usilipindue, upande uliokuwa chini ndio uingie ardhini. Udongo uwe na mboji na usituamishe maji, kwa maana isale huvumilia kiu, lakini maji yakisimama shina linaoza. Chini ya migomba ndiko kwake hasa, jua kali huliunguza majani. Hapa Dar es Salaam nimejiongezea somo langu: maji ya kisima yenye chumvi hukausha ncha za majani, kwa hiyo nakinga ya mvua.

Wazee wote wawili wameshatangulia. Mstari wa masale upo, na manne yale siyatambui tena miongoni mwa mengine. Tulifundishwa kwamba isale halikataliwi, aliyekosewa akiletewa hupokea. Ndiyo maana mpaka leo sijui kama Meku alinisamehe mimi au aliliheshimu jani. Nilikaa naye miaka mingi baada ya hapo, nilimbebea maji na majani ya ng'ombe, sikuthubutu kumuuliza.

Mwanangu anataka kipande cha kupanda. Nimemwambia tungoje maua yaanguke kwanza. Akaniuliza tutakichomeka wapi, nami bado sijamjibu.