Ilimba yetu inaanza kulia

Jamani, sebule yetu hapa Nkuhungu sasa ni karakana! Mume wangu anatengeneza ilimba, ile marimba ya Wagogo yenye vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba, aliyoipiga marehemu mwanamuziki Hukwe Zawose, kwa kipande cha mninga kilichobaki tulipotengeneza rafu ya jikoni. Misumari anaiponda kwa nyundo hadi iwe bapa, kisha anaisogeza mmoja mmoja huku nikimwimbia sauti anayoitafuta. Tundu la mbele tumelibandika utando mweupe wa buibui, ndio unaoipa ule mvumo wake. Niliubandua mwenyewe pembeni mwa dirisha, taratibu, usichanike. Mimi nashona foronya za vitenge (vumbi la Dodoma nalo halina huruma). Nayapenda sana maisha haya. Kesho tunapaka rangi mlango.