Mafuta ya damu na titi: nilivyozitenganisha hesabu mbili

Kolesteroli yangu ilipotoka 6.2 (kipimo cha mmol/L), hapa Chake Chake nilitishwa kwa mawili: moyo na saratani ya titi. La moyo halina ubishi. La titi nililichambua polepole.

Cheti cha kwanza hakikuwa na LDL, ile kolesteroli mbaya, nikaitoa mwenyewe: 6.2, toa HDL (kolesteroli nzuri) 1.3, toa traigliseraidi (mafuta mengine ya damu) 1.8 iliyogawanywa kwa 2.2. Ikabaki 4.1. Traigliseraidi ikipita 4.5 hesabu hii haifai, ipimwe LDL yenyewe.

Baada ya miezi minne nilipima maabara nyingine, wakaandika kwa mg/dL: jumla 213, traigliseraidi 124. Kurudi kwenye mmol/L, kolesteroli unagawa kwa 38.67, kwa hiyo 213 ni 5.5, imeshuka. Traigliseraidi ina kigawanyo chake, 88.57, nayo ikawa 1.4. Ukiigawa kwa 38.67 utapata 3.2 na kuhangaika bure.

Kufunga tumbo: chakula cha mwisho saa 2 usiku, damu saa 2 asubuhi, maji matupu ruhusa. Wengine huenda alasiri ya Jumatatu wakiwa na saumu ya sunna. Saa zinatimia, lakini bila maji damu huwa nzito kidogo na namba zikapanda.

Jikoni sikuacha nazi. Nilipunguza kasimile, lile tui zito la kwanza. Karibu asilimia 90 ya mafuta ya nazi ni ya aina inayoganda na kupandisha LDL, na mengi yake yamo kwenye tui la kwanza. Siku za kazi samaki nampika kwa tui la pili au ukwaju. Kasimile ni ya Ijumaa. Mafuta ya alizeti napima kwa kijiko, maana yakimiminwa kutoka dumuni hayana kipimo.

Sasa titi. Mwaka 2013 watafiti walionesha kwamba kitu kinachotokana na kolesteroli, 27-haidroksikolesteroli, huigiza homoni ya estrojeni na kukuza uvimbe wa titi. Lakini ilikuwa kwa panya. Kwa wanawake tafiti zinapingana, na sababu moja ni kwamba saratani yenyewe inaweza kuishusha kolesteroli kabla haijagunduliwa. Kwa hiyo namba ndogo isikupe usingizi mnono.

Kwa sisi ambao hedhi imekatika, naogopa zaidi unene kuliko kile cheti. Ovari zikinyamaza, mafuta ya mwilini ndiyo yanayoendelea kutengeneza estrojeni. Ndiyo maana napima kiuno kwa utepe kila mwezi, na kolesteroli napima mara chache.

Statini, dawa ya kushusha kolesteroli, ukiandikiwa, ni ya moyo; haijathibitishwa kuzuia saratani ya titi. Na anayetumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya titi, asishangae LDL ikishuka huku traigliseraidi ikipanda: ni kazi ya dawa, amwambie daktari wake.

Uvimbe mgumu, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu: hayo nayapeleka hospitali wiki hiyohiyo, hata cheti cha mafuta kiwe safi namna gani.