Kutoka Darasa la Maadili hadi Chumba cha Jenereta

Nilisomea maadili ya biashara, na leo riziki yangu naipata hapa Malindi kwa kuzishauri hoteli na kampuni za pwani kuhusu uendelevu, yaani namna shughuli zao zinavyotumia maji, nishati, ardhi na nguvu za watu, na ni nani anayebeba hasara ya matumizi hayo. Vijana wanaomaliza masomo kama yangu hunijia na dhana mbili zinazopingana: wengine huamini kwamba falsafa waliyoisoma haina kazi ndani ya kampuni, na wengine huamini kwamba inatosha peke yake. Mimi naona elimu ile ndiyo iliyonifaa kuliko nyingine zote, kwa sharti kwamba mwenye nayo akubali kufungua daftari la mhasibu na kulisoma mstari kwa mstari.

Darasani tulikaa sana kati ya fikra mbili. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani Milton Friedman alitetea kauli kwamba wajibu wa kijamii wa biashara ni kuongeza faida, mradi isidanganye wala kuvunja kanuni za ushindani huru. Mwaka 1984 mwanafalsafa R. Edward Freeman, naye wa Marekani, akaeneza hoja ya wadau, kwamba msimamizi wa kampuni anawajibika pia kwa wafanyakazi, wateja, wauzaji na jamii inayomzunguka. Kwa mtu aliyelelewa Lamu mjadala huo haukuwa wa vitabuni. Upande mmoja bandari mpya ilikuwa ikijengwa Kililana, upande mwingine mtambo wa makaa ya mawe ukipangiwa ardhi ya Kwasasi, na wazee waliokaa barazani jioni walikuwa wakiuliza ni nani atakayefaidika, nani atakayepoteza bahari yake, na nani aliyeulizwa.

Maswali hayo yalifika mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba mradi wa bandari ulikiuka haki za wakazi, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Tarehe 26 Juni 2019, jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likaifuta leseni ya mtambo wa Kwasasi, uliopangwa kuzalisha megawati 1,050, leseni ambayo NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ilikuwa imeitoa mwaka 2016. Uamuzi huu wa pili nimeusoma mara nyingi, na sababu zake nazithamini kuliko matokeo yenyewe. Jopo halikusema kwamba wataalamu hawakuandika ripoti ya athari za mazingira, kwa maana ripoti ilikuwepo, tena nene. Lilisema kwamba mikutano na wananchi ilifanywa kabla ya uchunguzi kukamilika, na kwamba baada ya athari kujulikana, wale watakaoishi nazo hawakuelezwa ipasavyo wala kupewa nafasi ya kutosha ya kuzijibu. Asiyekuwepo na lake halipo, husema wahenga, na mara nyingi mtu hayupo kwa sababu hakuna aliyemwita kwa wakati. Tangu hapo, ripoti yoyote inayowekwa mbele yangu naifungua kwanza kwenye ukurasa unaoeleza ni nani waliohojiwa, na lini.

Hata hivyo, kazi hii haifanywi kwa maswali peke yake. Nilipoanza kuzunguka hotelini niliona kwamba sehemu kubwa ya ukweli imo katika chumba cha jenereta na katika mkoba wa fundi wa viyoyozi. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi, kwa hiyo risiti za mafuta za mwaka mzima, zikijumlishwa kwa uangalifu, zinatoa hesabu ambayo mkaguzi anaweza kuirudia na kupata jibu lile lile. Gesi ya viyoyozi ni jambo zito zaidi na ndilo linalosahaulika: kilo moja ya gesi iitwayo R-410A ikivuja, athari yake kwa joto la dunia inalingana na zaidi ya tani 2 za kaboni dioksidi. Umeme wa gridi, kwa upande wake, una mzigo mdogo wa kaboni hapa Kenya, kwa kuwa sehemu yake kubwa hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, kwenye mabwawa na kwenye upepo. Basi mwenye hoteli akibadilisha balbu zote na kuzitangaza kwa wageni, huku fundi akiongeza gesi kila msimu bila kuandika popote, ameshughulikia kidogo na kuacha kikubwa. Kumwambia hivyo kwa heshima, hesabu ikiwa mkononi, naliona kuwa tendo la kimaadili sawa na lolote tulilolijadili chuoni.

Mahali ambapo mwanafunzi wa maadili anahitajika kwa dhati ni pale kampuni inapoamua jambo gani lina uzito wa kuandikwa. Viwango vipya vya kimataifa vya kuripoti uendelevu, IFRS S1 na S2, vilivyotolewa Juni 2023, vinauliza habari zinazoweza kugusa uamuzi wa mwekezaji, na kwa mpango wa taasisi ya wahasibu wa Kenya, ICPAK, kampuni zenye maslahi ya umma, kama vile benki na zile zilizoorodheshwa katika soko la hisa, zitalazimika kuvifuata kuanzia tarehe 1 Januari 2027. Viwango vya GRI, shirika la kimataifa la viwango vya kuripoti uendelevu, vinauliza swali jingine: kampuni inawafanyia nini watu na mazingira, hata kama mwekezaji hataguswa? Tofauti hiyo si ya maneno. Kisima cha familia moja kikiingia chumvi hakitikisi mizania ya kampuni yoyote, lakini kwa familia hiyo hakuna jambo zito kuliko hilo. Kaskazini mwa Malindi, huko Magarini, wakazi walilalamika kwa muda mrefu dhidi ya kampuni za chumvi kabla ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu kuja kuwasikiliza hadharani mwaka 2005. Naamini kampuni inayokwenda kwa majirani zake na swali la GRI mapema hujua mengi kabla tume haijaitwa.

Hoteli moja niliyoifanyia kazi ilitaka habari za majirani zake ziandikwe chini ya kichwa cha ujirani mwema, pamoja na picha za madawati iliyoyatoa kwa shule. Nikaenda kwenye banda la samaki kuwasikiliza wavuvi wenyewe. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, madawati tumeyapokea na tumeshukuru. Lakini njia yetu ya kushukia pwani imezibwa, na hilo hatukuulizwa." Nikaiandika njia hiyo kama hoja inayojitegemea, mbali na madawati. Meneja aliomba niiondoe, nami nikamwonyesha kifungu cha mkataba wetu kinachosema kwamba matokeo yanayohusu madhara kwa watu hufikishwa kwa wakurugenzi kama yalivyo. Kifungu hicho nakitia katika kila mkataba kabla ya kupokea malipo ya kwanza, kwa sababu anayekulipa ndiye unayemchunguza, na nia njema ya mshauri haitoshi kuilinda kazi yake. Mteja akikikataa, naiacha kazi. Wakurugenzi waliisoma hoja ya njia, wakamteua ofisa wa kuishughulikia, na mazungumzo na wavuvi yakaanza.

Kwa kijana wa Lamu au Malindi anayetaka kuingia katika kazi hii, ushauri wangu ni kwamba asiuache usomaji wake wa maadili, lakini ajifunze uhasibu wa msingi, azisome sheria za mazingira za Kenya, hasa ile ya mwaka 1999 iliyoiunda NEMA, na kifungu cha 42 cha katiba kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi. Kisha atafute hoteli, shule au ghala litakalomruhusu kuzipitia risiti zake za dizeli na maji za mwaka mmoja. Na siku hiyo hiyo anayoziomba risiti, aulize pia ni jirani gani anayechota maji katika mwamba ule ule wa chini ya ardhi, na aende kumsikiliza.