Huck, Jim na Usiku wa Ukungu

Katika riwaya ya Mark Twain, Adventures of Huckleberry Finn, iliyochapishwa Marekani mwaka 1885, Huck, mvulana mzungu anayemkimbia baba mlevi, na Jim, mtu mweusi anayetoroka utumwa, wanateremka pamoja mto Mississippi juu ya chelezo. Wengi husifu pale Huck anapoichana barua ya kumfichua Jim, akiamua kwamba ni heri aende motoni kuliko kumsaliti rafiki yake. Mimi nathamini zaidi tukio lililotangulia, ambapo ukungu unawatenganisha usiku kucha na Huck, akisharejea, anamdanganya Jim kwamba yote yalikuwa ndoto. Jim anamweleza waziwazi jinsi moyo wake ulivyokaribia kuvunjika kwa kudhani amempoteza, na kwamba anayemwaibisha rafiki yake ni takataka. Huck anahitaji dakika 15 kujishusha na kumwomba radhi mtu ambaye jamii yake imemfundisha kumwona kuwa mali, lakini hajuti kamwe. Hapo mwalimu ni Jim mwenyewe, kwa maneno yake na kwa uchungu wake, wala si dhamiri ya mtoto peke yake.

Ndiyo maana sura za mwisho zinaniumiza: Tom Sawyer, rafiki yake Huck, anajua kwamba Miss Watson, mmiliki wa Jim, amekwisha kumwachia Jim huru katika wasia wake, lakini anamfanya Jim, aliyekamatwa na kufungwa, kuwa kitu cha mchezo, na Huck, ambaye aliwahi kuomba radhi kwa kosa dogo zaidi, anamfuata Tom.