Miguu ya nyapara na ujira wa palizi: uzoefu wangu Mpunguzi

Nilipoanza kulima alizeti Mpunguzi, Dodoma, kando ya barabara ya Iringa, jirani mmoja alinipa ushauri ambao hadi leo ukinijia akilini nauma meno. Aliniambia kibarua hazoeshwi fedha: mpe 4,000 kwa ngwe, yaani kipande cha palizi cha siku moja, tena nusu yake uizuie mpaka palizi iishe, asije akakukimbia. Niliufuata. Vibarua wakawa wanayafukia majani kwa udongo badala ya kuyang'oa, mvua mbili zikanyesha, shamba likarudi kijani, nikalipa palizi ya pili kwa bei ileile. Baadhi yao hawakuirudia hata hiyo nusu yao. Walikwenda mjini kubeba zege.

Januari 2024, maisha yakiwa yamepanda na kila mtu akilalamikia duka, niliona aibu kupiga hesabu. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilikwisha kuweka kima cha chini cha kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, ambazo ukizigawa kwa siku 26 za kazi ni kama 5,400 kwa siku, nami nilikuwa nikilipa 4,000 na kujiona mkarimu kwa sababu ya kikombe cha uji. Nikapandisha hadi 5,500. Manung'uniko hayakukoma.

Mama mmoja ndiye aliyenifumbua macho. "Baba," aliniambia, "hela umeongeza, lakini miguu ya nyapara wako hujaipunguza." Sikumwelewa. Huku kwetu ekari hupimwa hatua 70 kwa 70, na ngwe ni hatua 10 kwa 70, kwa hiyo ekari moja hutoa ngwe saba. Nyapara wangu ni mrefu kama nguzo ya umeme, na hatua yake moja ni mita kamili. Nilipochukua futi ya fundi na kupima, ekari yake ilikuwa mita za mraba 4,900, ilhali ekari halisi ni 4,047 hivi. Maana yake nilikuwa nikiwaongezea watu fedha kwa mkono mmoja na kuwaibia zaidi ya moja ya sita ya jasho lao kwa miguu ya mtu mwingine.

Nikanunua kamba ya katani, nikaifunga mafundo, ngwe ikawa mita 9 kwa 64. Kisha, kwa ujuaji wangu, nikaamua kupalilia ngwe moja mwenyewe ili nijue uzito wake. Nilianza saa 12 asubuhi. Saa 5 nilikuwa sijafika nusu, viganja vimejaa malengelenge, na yule mama, aliyekwisha kumaliza yake, akaja na jembe lake akauliza kwa upole kabisa ngwe ile iandikwe kwa jina la nani.

Siku hiyohiyo nilimwomba anitajie anachonunua kwa siku: sembe, maharage, mafuta ya kupima, mboga, sabuni. Ilifika kama 5,000 kabla hata ya daftari la mtoto. Tukakubaliana 7,000 kwa ngwe, chakula cha mchana juu yangu, na malipo yote kila Jumamosi bila kuzuia senti. Bei ya mahindi ikipanda sokoni Kibaigwa, tunakaa tena chini ya mbuyu. Usingoje msimu uishe, utawakuta wameshaondoka.

Shamba nililoliita ekari 6 lilipopimwa kwa kamba likawa 7 na robo, kwa hiyo palizi ilinigharimu kama 355,000, wakati zile palizi mbili za ovyo zilinila 336,000. Nimezidisha hizo elfu kumi na tisa, lakini majani yaling'olewa kwa mizizi na sikurudia. Kwenye shamba langu la zabibu bado tunavutana, kwa sababu kupogoa hakupimiki kwa ngwe na anayeharakishwa hukata jicho la kuzaa. Kwa sasa nalipa 8,000 kwa siku, na nyapara, ambaye hajanisamehe ile kamba, anasema ni nyingi mno.