Mombo hadi Mtae kwa miguu: daftari la safari

Mradi wangu unaelezeka kwa sentensi moja: kutoka Mombo, pale barabara ya Lushoto inapochepuka kutoka barabara kuu iendayo Moshi, hadi Mtae, ukingoni mwa milima ya Usambara Magharibi, kwa miguu tu, bila kudandia bodaboda hata kwa hatua mia. Mwaka jana nilijaribu mwezi wa Aprili. Masika ilikuwa imekolea, udongo mwekundu ukinishika miguu kama ninadaiwa, na nilipofika Lushoto nikapanda basi nikarudi nyumbani bila kumwambia mtu. Safari hii nimekuja Julai, mwezi wa baridi, nikiwa na siku sita mkononi.

Nimebeba begi moja, blanketi, koti la mvua, tochi, chupa mbili za maji na daftari. Daftari nimelichora safu tatu: dakika za kupanda, dakika za kushuka, mengineyo. Viatu ni vya mitumba, vinene, vya kutia moyo ukivitazama. Fundi wa mtaani kwetu alivigeuzageuza akaniambia, "Hivi vipigwe uzi kabla hujaondoka, gundi yake imeshazeeka." Nikaona anatafuta kazi tu.

Siku ya 1: Mombo – Soni

Mombo iko kama mita 400 tu kutoka usawa wa bahari, Lushoto kama 1,400, na kati yao kuna kilomita 33 za lami inayojipinda. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1905, kabla ya kuendelea hadi Moshi, na kila ninapoiangalia milima kutokea chini naelewa kwa nini reli ilikata shauri la kupita pembeni.

Nilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi kulikwepa jua. Nilikuwa nimejidanganya kwamba siku ya lami ndiyo siku rahisi. Barabara ni nyembamba, upande huu mwamba, upande ule korongo, na Fuso zilizosheheni kabichi zinashuka zikipiga honi kila kona. Ukisikia honi unabana mwambani kama mjusi, unangoja, unaendelea. Nilianza kuhesabu nilivyobana. Nilipofika arobaini na moja nikaacha.

Soni nilifika nimechoka lakini nimeshinda. Maporomoko yake yanaonekana kutoka barabarani, huna haja ya kulipa wala kuuliza. Nilikaa juu ya jiwe nikayatazama mpaka jasho likanikaukia mgongoni, kisha ghafla nikasikia baridi nikavaa sweta. Asubuhi ileile nilikuwa nimevaa fulana na bado naona nyingi.

Kupanda: dakika 320. Kushuka: 0.

Siku ya 2: Soni – Lushoto

Fupi. Nilifika mchana, nikala wali maharage, nikalala. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmsthal. Mimi nauita mji nilioshindwa mwaka jana. Nilipita stendi upande wa pili wa barabara, nisilione lile basi.

Siku ya 3: Lushoto – Magamba – Lukozi

Hii ndiyo siku niliyoisubiri. Msitu wa Magamba ni hifadhi, kwa hiyo unalipa kiingilio na ni busara kuongozana na mtu anayeujua. Nilimpata kijana mmoja wa hapohapo, mpole, anayetembea na kandambili kwenye njia iliyonipa mimi shida nikiwa na viatu vya kupandia milima.

Niseme ukweli ambao sikutegemea kuusema: msitu ulinichosha kabla haujanifurahisha. Ukiwa ndani huoni mbali. Unaona mgongo wa mwenzako, mizizi, majani yanayodondosha maji ingawa mvua hainyeshi, maana ukungu unanasa kwenye matawi na kugeuka matone. Ndevu za kijivu zinaning'inia kila tawi. Kuna ukimya mzito, halafu kitu kinapita juu ya miti kwa kishindo cha pumzi, fuu, fuu, fuu, nikainama bila kutaka. Kijana akacheka. "Hondohondo huyo, kaka. Mabawa tu hayo." Tuliwaona wawili wakivuka uwazi, midomo mikubwa imetangulia. Mbega tuliwasikia wakiruka. Niliyemwona ni mmoja, mkia mweupe ukining'inia kama taulo lililosahauliwa kwenye kamba.

Tulipotoka upande wa pili tukaingia kwenye misindano, yaani misonobari, ya kupandwa, mistari imenyooka, chini hakuoti kitu. Kijana akanisimulia kuwa enzi za Wajerumani magogo ya mwangati yaliteremshwa kutoka huku Shume kwa waya ulioning'inia angani hadi Mkumbara, kule kwenye reli. Nilijaribu kuuwaza mti mzima ukielea juu ya korongo kama lile nililolipanda juzi nikibana mwambani.

Ilikuwa hapo, kwenye mteremko wa misindano, soli ya kiatu cha kulia ilipobanduka. Haikubanduka yote. Ilianzia kidoleni ikaishia katikati, kwa hiyo kila hatua ilifungua mdomo ikafunga, ikimeza sindano za misonobari. Kijana alifungua begi lake akatoa kipande cha kamba ya katani, akanizungushia mara tatu kupitia chini ya kiatu, akapiga fundo chini ya soli. "Itafika Lukozi," akasema. Ilifika, ila kwa kukanyaga fundo hilo saa mbili nzima nikapata lengelenge ambalo ninalo hadi leo.

Kabla ya kulala aliniambia nitoke nje na tochi. Alimulika ua wa shamba la viazi taratibu, mara kwenye kijiti akanionyesha kinyonga wa pembe mbili. Usiku anakuwa mweupemweupe, karibu rangi ya maziwa, ndiyo maana tochi inamfichua. Alikuwa amelala amekunja mkia kama bomba la maji. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni akakataa kusogea. "Nyie mkimaliza na huyo mnawe mikono kabla hamjagusa vyombo vyangu."

Kupanda: dakika 210. Kushuka: 195, na hizi ndizo zilizoniumiza magoti.

Siku ya 4: Lukozi – Rangwi

Saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye benchi la fundi viatu, mzee aliyeketi chini ya mwavuli uliopigwa viraka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiki kimekufikisha wapi?"

"Kutoka Mombo."

Akakitazama kiatu, akanitazama mimi, akakitazama tena kiatu, akaamua kwamba kiatu ndicho chenye akili. Hakugusa gundi kabisa. Alikwangua ile ya zamani kwa kisu, akachora mstari kuzunguka soli, akakata mfereji mwembamba kwenye mpira ili uzi uzame usilike na mawe. Kisha akashika msharasi. Anatoboa, anaingiza uzi wa nailoni kwa ndani, ndoana ya msharasi inaunasa na kuutoa nje, anapitisha ncha ya pili kwenye kitanzi, anavuta mikono yote miwili mpaka mishipa ya shingo inasimama. Toboa, nasa, pitisha, vuta. Nilihesabu mishono sitini na nane. Nilipodhani amemaliza akanyoosha mkono: "Leta na cha kushoto." Nikasema cha kushoto ni kizima. "Kizima leo," akasema. Kwa vyote viwili alitaka elfu tano, na sikuwa na uso wa kupunguziwa.

Nikiwa pekupeku pale benchini niliiona Lukozi ikifanya kazi. Hapa ndipo mboga za mabonde ya jirani zinapokusanyika kwenda Dar es Salaam: karoti zilizooshwa mtoni zinang'aa, kabichi, hoho kwenye matenga, viazi kwenye magunia. Magunia yenyewe ni lumbesa, yaani gunia likishajaa linaongezewa shingo ya wavu, linapandishwa mpaka linakuwa na kichwa na mabega kama mtu. Serikali imelipiga marufuku mara nyingi, nalo bado limesimama pale, limenizidi urefu. Kijana mmoja mkulima alinieleza hesabu yake bila hasira, kama mtu anayeeleza hali ya hewa: mnunuzi analipa gunia moja, hiyo shingo ni zawadi. "Ukikataa?" nikamuuliza. Akanionyesha karoti kwa kidevu. "Hizi zimeshaoshwa tangu alfajiri. Zitanisubiri?"

Kutoka hapo hadi Rangwi sikutembea sana kama nilivyopitishwa. Njia inateremka bondeni, inafuata kijito, inapanda tena kwenye kitako cha kilima kingine, na kila kipande cha ardhi kimelimwa kwa ngazi. Wanamwagilia kwa mifereji ya udongo. Mtu anafungua mlango wa tope kwa jembe, maji yanaingia tuta hili, anaziba, anafungua lile. Nilisimama kumtazama mama mmoja akifanya hivyo matuta tisa. Hakukosea hata mara moja, na alikuwa anazungumza na simu bega likiwa limeibana sikioni. Watoto walinisalimia Kisambaa, nikajibu Kiswahili, wakacheka mpaka wakaketi.

Daftari langu siku hiyo safu mbili za dakika ziko tupu. Safu ya "mengineyo" imejaa ikamwagikia ukurasa wa pili. Nilipopanga safari nilidhani msitu ndio nyama na barabara za bondeni ndizo ugali wa kushushia. Kwangu imekuwa kinyume. Msituni nilikuwa peke yangu hata tukiwa wawili. Bondeni sikupewa nafasi ya kuwa peke yangu hata dakika kumi.

Rangwi nililala kwenye nyumba ya masista. Maji ya moto kwenye ndoo, blanketi mbili, mkate wa kuoka wenyewe. Lengelenge nililitia chumvi, sishauri.

Siku ya 5: Rangwi – Mtae

Mvua ndogo ya asubuhi, ile ya Julai isiyonyesha wala isiyoacha. Njia inapita pembezoni mwa msitu wa Shagayu, na ndani ya msitu huo ndimo Mto Umba unapoanzia. Nilivuka kijito chembamba kwa hatua moja, na mzee mmoja mwenye kuni begani akasema maji yale ni ya Umba. Umba huo unateremka nyanda za chini, unavuka mpaka kuingia Kenya na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Vanga. Nilirudi nyuma nikakivuka tena polepole, kwa heshima.

Mchana ulikuwa wa kupanda na kushuka bila mpango. Kila nilipoamini kwamba hiki ndicho kilima cha mwisho, nyuma yake kulikuwa na kingine na shule juu yake. Vijana wawili wa bodaboda walinipita, wakapunguza mwendo, wakaniuliza kama nina tatizo. Nikasema natembea tu. "Unatembea tu kwenda wapi?" Mtae. Wakaangaliana. Mmoja akasema kwa upole mkubwa, "Kaka, kama ni hela, panda, utatupa siku nyingine." Nilikaribia kulia. Nikawashukuru nikakataa, na walipotokomea kwenye kona nikajiona mjinga kamili.

Uzi wa mzee wa Lukozi haukulegea mshono hata mmoja.

Niliingia Mtae saa kumi na moja kasoro. Kijiji kimekaa juu ya ukingo, na mtu yeyote aliyewahi kufika atakwambia juu ya ile nafasi ya kuitazama nyika ya Mkomazi miguuni pako. Nilifika ukingoni nikakuta ukungu. Mweupe, mnene, umefika mpaka kwenye majani ya mwisho. Nikarusha kijiwe, sikusikia kikianguka.

Kupanda: dakika 260. Kushuka: 240.

Siku ya 6: Mtae

Siku ya akiba nimeitumia kukaa. Asubuhi ukungu. Mchana ukungu na kuku. Jioni, kama saa kumi na mbili kasoro robo, nilikuwa nakunywa chai kibandani mtoto alipokuja akanivuta shati bila kusema neno. Ukungu ulikuwa umepasuka. Chini kabisa, chini kuliko nilivyowaza, kulikuwa na nyika rangi ya ngozi ya simba, vilima vidogo vimetawanyika kama vitu vilivyodondoka mfukoni, na upande wa magharibi mgongo wa milima ya Pare. Kilimanjaro haikuonekana. Ilidumu kama dakika kumi, kisha pazia likarudi.

Mzee aliyesimama karibu yangu alinionyesha njia nyekundu inayokatiza ukutani kuteremka Mnazi, huko tambarare. Watu wanaishuka na kuipanda siku moja, akasema, na mizigo kichwani. Nilifungua daftari nikaangalia safu ya kushuka, nikalifunga.

Basi la Lushoto linaondoka Mtae alfajiri kabla hakujapambazuka. Nilipata kiti cha dirishani, begi mapajani, viatu miguuni. Kuku wawili walikuwa chini ya kiti changu na gunia la viazi mlangoni, shingo limeinama. Tulipita Lukozi kukiwa bado giza. Taa za basi zilimulika benchi la fundi, limegeuzwa miguu juu, na mwavuli umefungwa kando yake.