Kigoda cha kuvaa kilivyoniondolea ganzi ya mguu

Kazi ya vigae ni ya chini, na gundi ikishapakwa haikusubiri. Fundi anachuchumaa mpaka safu iishe. Mimi mgongo niliuvumilia, ila mguu wa kulia ulikuwa unakufa ganzi. Daktari alinieleza kuwa kuna neva inapita upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, na kuchuchumaa kwa muda mrefu huibana. Ikizidi, unyayo unalegea na mtu anaburuta vidole akitembea. Hilo lilinitisha kweli.

Kigoda cha kawaida hakinifai, maana kila baada ya vigae viwili nahama na mikono imejaa gundi. Nikanunua cha kuvaa: sponji ngumu ya mviringo yenye mikanda miwili ya mpira, unaipitisha miguuni mpaka mapajani. Ukisimama inabaki nyuma yako, ukishuka unaikalia.

Jambo kubwa ni urefu wake. Kilikuwa na sentimita 15, magoti yakawa juu ya nyonga na kiuno kikajipinda. Nikagandisha kipande kingine cha sponji chini yake, kikafika 22. Siku ileile magoti yalipumua na kuinuka kukawa kwepesi. Kupandisha zaidi sishauri, kwa sababu sakafu inakuwa mbali na utalazimika kuinama upya.

Mikanda nayo isikaze. Naacha nafasi ya vidole viwili, la sivyo inabana nyuma ya paja na ganzi inarudi kwa njia nyingine. Miguu naipanua, mmoja mbele kidogo, na kigae cha mbali sikifuati kwa mkono. Nasogea mwili mzima.

Vipo pia vya viwandani, fremu zinazofungwa miguuni; kampuni ya magari ya Audi walivijaribu kiwandani Neckarsulm, Ujerumani, mwaka 2015. Vile ni vya mtu anayefanya kazi kwenye kimo cha meza. Sisi wa sakafuni sponji inatutosha.

Nikiwa nimekaa hivyo bado nainuka mara kwa mara, nanyoosha magoti, natembea hadi kwenye ndoo na kurudi. Kwenye ngazi nakivua kabisa kwa sababu kinagonga kidato cha nyuma. Na wakati wa kujaza grauti, ule uji wa kuziba nafasi kati ya vigae, napiga magoti juu ya pedi, maana pale mkono unahitaji kufagia upana wote.